Kutoka Manza hadi Amani

Ukifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, maji yakiwa yamekupwa, huwezi kuamini kwamba meli kubwa ilipata kupenya humo. Ni mikoko, matope, na ngalawa zilizolala ubavu. Lakini ndimo ilimokimbilia Rubens tarehe 14 Aprili 1915. Ilikuwa meli ya Kiingereza iliyozuiliwa Hamburg Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Wajerumani wakaivika jina la Kronborg na bendera ya Denmark, wakaituma kuizunguka Afrika. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaifuata hadi hapa na kuimiminia mizinga. Nahodha Carl Christiansen akaifungulia meli yake maji penye kina kifupi, kisha akawasha moto mbao zilizokuwa sitahani. Waingereza wakauona moshi, wakaridhika, wakaenda zao.

Baadaye wapiga mbizi wakaopoa bunduki na mamilioni ya risasi. Zilizoloa zikafunguliwa, baruti ikasafishwa na kukaushwa. Jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck likapata pumzi.

Pwani ilikuwa imefungwa wiki sita kabla ya Rubens kufika. Tangu 1 Machi 1915 Uingereza ilikuwa imetangaza mzingiro wa pwani nzima ya koloni la Wajerumani. Haikuwa mara ya kwanza. Desemba 1888 hadi Oktoba 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, Waingereza na Wajerumani hao hao walizingira pwani wakiwa upande mmoja, wakisema wanazuia watumwa kutoka na silaha kuingia. Siamini kwamba huruma ndiyo iliyowasukuma, ila angalau walitaja wanachokizuia. Mwaka 1909 mataifa makubwa ya bahari yaliafikiana mjini London juu ya orodha ya shehena za baharini wakati wa vita: vitu vya vita, vitu vya shaka kama chakula, na vitu huru kama pamba ghafi. Azimio hilo halikuridhiwa. Na hata lingeridhiwa, pwani ikishazingirwa orodha haina kazi. Mzingiro hauulizi jahazi limebeba nini; unauliza linakwenda wapi.

Kwa hiyo merikani, kaniki na mafuta ya taa vilikoma kuja pamoja na risasi. Bara, wanawake wakarudia kusokota pamba kwa mkono. Ningependa kuishia hapo na kusifu ubunifu wao, kama vitabu vya kumbukumbu za vita vinavyopenda kufanya, lakini kuna swali la nguo zilizofumwa kwa nyuzi hizo zilikwenda kwa nani. Sehemu yake ilitiwa rangi ya kaki iliyotokana na mizizi ya mti uitwao ndaa. Mwanakijiji hakuhitaji kaki.

Kutoka Tanga nilipitia Muheza, kisha gari likaanza kupanda milima ya Usambara hadi kwenye ukungu wa Amani. Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Mzingiro ulipobana, wataalamu wa mimea waligeuka watengeneza sabuni, mishumaa na bidhaa za mpira. Zaidi ya yote walitengeneza kwinini, kwa magome ya miti iliyopandwa kwa majaribio. Mpwapwa nako kazi hiyo ilifanyika. Baadaye, jeshi lilipokuwa likirudi nyuma, dawa ilikuwa maji machungu ya magome yaliyochemshwa, na askari wa Kijerumani wakayapa jina la pombe ya kamanda wao.

Tuwe wakweli kwa Waingereza pia. Kidonge kinachomponya mtoto wa Muheza ndicho kinachomrudisha askari vitani. Hofu yao haikuwa ya kuzua, Rubens ilithibitisha. Wala si haki kuutwisha mzingiro kila kilio cha miaka ile. Njaa ya Mtunya iliyoiangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920 ilikuja wakati pwani ishakuwa mikononi mwa Waingereza wenyewe: majeshi yote mawili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana.

Sheria ilikuja kwa kuchelewa. Mkataba wa Geneva wa 1949 unataka dawa za raia zipitishwe, pamoja na chakula na nguo za watoto walio chini ya miaka 15 na za waja wazito. Lakini unampa mzingiraji mlango wa kutokea: akiwa na sababu nzito ya kuhofia kwamba shehena itamfaidia adui, anaweza kuizuia. Mwaka 1977 itifaki ya nyongeza ikakataza kuwaua raia kwa njaa kama mbinu ya vita.

Nikiwa chini ya miti ya Amani nilimfikiria ofisa wa Hyacinth akiwa na kifungu kile cha Geneva mkononi na makasha ya kwinini yamekamatwa mbele yake. Angeyazuia, na pengine kisheria asingekosea. Huku juu, wakati huo huo, magome yalikuwa yanageuzwa kwinini kwa ajili ya jeshi.