Uchovu Ulioota Sugu

Saa mbili usiku, mtoto amesimama mbele ya dirisha la duka na noti ya elfu mkononi. Anataka sukari robo. Mwenye duka, bila kuinuka kwenye stuli, anajibu: "Hakuna." Mfuko wa sukari uko nyuma yake, mdomo wazi, na mtoto anauona.

Mwaka jana mwenye duka huyuhuyu alikuwa akimkimbilia mteja hadi barabarani kumpa chenji aliyoisahau. Hajafilisika, wala hana homa. Ukimuuliza ana nini, atakwambia, "Nimechoka tu." Neno hilohilo hulitumia kibarua aliyebeba zege kutwa, lakini kibarua hula, akalala, asubuhi akaamka mzima. Huyu wa dukani naye analala, na huamka na uchovu uleule aliolala nao.

Hali hiyo Kiingereza kimeipa jina "burnout". Tulitazame jina hilo kabla ya kuliletea Kiswahili. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa akihudumu. Aliona kwamba walioingia na ari kubwa ndio waliozimika: wakawa wepesi wa hasira, wakachoka hata kuwasikiliza wagonjwa. Miaka zaidi ya kumi kabla yake, Graham Greene alikuwa ametoa riwaya iitwayo A Burnt-Out Case, inayosimulia maisha katika kambi ya wagonjwa wa ukoma nchini Kongo. Jina la riwaya linamhusu mgonjwa ambaye ukoma wake umekwisha, lakini umeondoka na vidole vyake.

Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo cha hali hii chenye sehemu tatu. Shirika la Afya Duniani nalo linaieleza kwa mambo matatu yanayokaribiana na sehemu hizo, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika 2022: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuibeza, na ufanisi kushuka. Shirika linasisitiza kuwa huu si ugonjwa. Ni hali ya kikazi, itokanayo na msongo wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa.

Basi istilahi yetu ina mizigo minne ya kubeba: kuchoka, kudumu kwa muda, moyo kufa ganzi, na kazi. Tuyapime maneno tuliyonayo.

"Kuungua" ndiyo tafsiri ya moja kwa moja. Balbu huungua, mota ya pampu huungua. Lakini balbu iliyoungua hutupwa ikanunuliwa nyingine, na mtu aliyeungua tunamkimbiza hospitali. Mafundi magari wana "kunoki": injini iliyoendeshwa bila oili hunoki. Neno hili lina utamu wake, kwa kuwa linataja na kosa lenyewe. Hata hivyo, injini ikinoki gari husimama, ilhali duka la mtu wetu bado linafunguliwa kila siku. "Kuchakaa" kunaonyesha mwendo wa polepole, ila kumwambia mtu amechakaa ni kumtukana. "Kukinai" kunaugusa moyo, lakini hata wali hukinaisha, tena kwa siku mbili. "Msongo" ni chanzo cha hali hii. Mwenye msongo bado anahangaika, aliyefika huku hahangaiki tena. "Sonona" ni ugonjwa, nao humfuata mtu hata harusini.

Wengine huandika "uchovu uliokithiri". Kukithiri ni wingi tu, na kibarua wa zege naye uchovu wake ni mwingi. Mimi nachagua "uchovu sugu wa kazi", na uzito wote uko kwenye neno la katikati.

Mkono wa mkulima huota sugu kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Ngozi hukakamaa ili isiumie, na mwisho wake haisikii. Hospitalini nako, maradhi sugu ni yale yanayokaa na mtu, yasiyoondoka upesi kwa tiba. Hapa tunazihitaji maana zote mbili. Mwenye duka hakuamua kuwa na jeuri. Moyo wake umesuguliwa na "nikopeshe, nitalipa kesho" siku baada ya siku, mpaka ukaota ngozi ngumu. Neno letu limefika karibu zaidi na ile kambi ya Kongo kuliko balbu iliyoungua, kwa sababu katika ukoma hisia hutangulia kufa, vidole hufuata. Maneno "wa kazi" yasikatwe, maana "uchovu sugu" peke yake hutumika kwa ugonjwa mwingine.

Maelezo ya Shirika yanahusu mahali pa kazi, na wengi wetu tukisikia hivyo tunawaza ofisi yenye bosi na likizo. Katika biashara ndogo bosi na mfanyakazi ni mtu mmoja, na bosi huyo ndiye mkali kuliko wote. Tena ana methali mkononi: mchumia juani hulia kivulini. Kivuli hicho hakina tarehe.

Dalili zake basi tuzitafute dukani. Nguvu zikiisha, Jumatatu huanza na uchovu wa Jumamosi. Moyo ukijitenga, simu ya mteja mzuri inaita huku unaiangalia. Ufanisi ukishuka, daftari la madeni halijaandikwa wiki mbili na bidhaa inaisha bila wewe kujua. Moja ikikupata kwa siku mbili tatu, umechoka. Zote tatu zikikaa miezi, ndiyo hiyo sugu. Kapime afya kwanza, kwani upungufu wa damu, kisukari na sonona navyo huchosha.

Sugu ya mkononi haiponi kwa kupakwa mafuta huku jembe likiendelea palepale. Hulainika msuguano ukipungua. Kwa hiyo siku moja ya kulala haitoshi, tafuta kinachosugua. Andika mauzo ya kila saa kwa wiki mbili. Ukikuta saa ya mwisho ya usiku hailipi hata umeme wa taa, funga mapema. Kama kinachokumaliza ni mikopo, weka kikomo na ukibandike dirishani, ili kinachokataa kiwe karatasi. Jilipe posho, hata ndogo, upate kujua kama unafanya biashara au unailea tu. Patana na mwenzako wa kikoba: Jumatano akushikie duka nusu siku, Alhamisi umshikie lake.

Nawe mteja, ukiambiwa sukari hakuna na mfuko unauona, usiende kutangaza mtaani kwamba mwenye duka ana kiburi. Muulize mara ya mwisho alifunga lini.