Mshahara wa Dada Ulipangwa na Nani?

Ramadhan ikiisha, in shaa Allah, dada zetu wa Lunga Lunga watapanda matatu kwenda Diani kutafuta kazi hotelini na madukani. Wataulizwa wanataka shilingi ngapi, na wengi watajibu: "Chochote mtakachonipa." Kaka naye husema hivyo, lakini chochote cha dada mara nyingi huwa kidogo zaidi. Kwa nini? Hebu turudi nyuma.

Zama za Mwingereza, mshahara wa Mwafrika ulipigiwa hesabu ya mwanamume mseja. Mke yuko kijijini analima, basi mume apewe cha kumtosha yeye tu. Kipande walivaa wanaume. Kwa serikali ile mfanyakazi maana yake ni mwanamume. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma, mji ukasimama karibu wiki mbili. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ikapendekeza mshahara wa mtu mzima utoshe kulea familia. Hatua kubwa hiyo. Lakini tazama vizuri: mama kahesabiwa kama mtu wa kulishwa, si mtu wa kulipwa.

Uhuru ukaja, hesabu ikabaki. Kwa miaka mingi mwanamke aliyeolewa akiajiriwa serikalini alinyimwa marupurupu ya nyumba, ati ana mume wa kumweka. Mwalimu na mwalimu, chaki ile ile, darasa lile lile! Hata kifungu cha katiba kilichokataza ubaguzi hakikutaja jinsia mpaka kiliporekebishwa 1997. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1951 kuhusu malipo sawa, Kenya iliuridhia 2001, nusu karne baadaye.

Sasa linalouma ni kwamba hoja hiyo ya "ana mume" wako Waislamu wanaoivisha kanzu ya dini. Ndugu yangu, nafaqa ni haki ya mke juu ya mumewe. Haikuwekwa ili tajiri apunguze mshahara. Suratun Nisaa aya ya 32 imewapa wanawake fungu katika walichokichuma kama ilivyowapa wanaume. Suratut Talaq aya ya 6 yaamrisha mama aliyeachwa akimnyonyesha mtoto alipwe ujira wake, na pande mbili zishauriane kwa wema. Na Nabii Musa kule Madyan alipatana miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Yote yalisemwa kabla ya kazi kuanza. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata huku pwani, wanashurutisha ujira ujulikane. "Chochote" haijulikani ni ngapi.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, Horohoro, walitutangulia: sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 ilimtaka mwajiri awalipe sawa wanaume na wanawake kwa kazi ya thamani sawa. Yetu ni ya 2007, kifungu cha 5. Thamani sawa, si lazima kazi iwe ile ile. Fikiria paa la hoteli: kina mama wamesuka makuti kwa kuhesabiwa moja moja, fundi akaezeka kwa malipo ya siku. Bila makuti fundi angeezeka nini? Swali hili bado halijaulizwa vya kutosha Kwale.

Basi dada, kabla ya kuingia kwa meneja, waulize walio kazini wanapata ngapi. Kaka, ukiulizwa na dadako, mwambie kweli, usione haya. Taja kiwango chako wewe kwanza, kisha nyamaza asikie. Uliza marupurupu ya nyumba. Kazi ikiwa ya miezi mitatu au zaidi, sheria yataka mkataba wa maandishi. Na ukija kugundua mwenzako wa kiume analipwa zaidi kwa kazi ya thamani hiyo hiyo, ukashtaki ubaguzi, sheria hiyo ya 2007 imembebesha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.