Ukoo wa Eisenhower: Jembe, Jina na Lugha

Mtu ahamapo nchi yake, hubeba nini, na huacha nini? Na tuutazame ukoo mmoja wa wakulima wa Kijerumani.

Mnamo mwaka 1741 Hans Nikolaus Eisenhauer aliwasili Pennsylvania pamoja na jamaa yake, akitokea nchi ya Saar. Jina lake lina maana ya mkata chuma. Huko Marekani tahajia yake iligeuka, likawa Eisenhower.

Lugha haikugeuka upesi hivyo. Kitukuu chake Jacob, mkulima na mhubiri, alikuwa bado akihubiri kwa Kijerumani zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mwaka 1878 Jacob alihamia Kansas pamoja na waumini wenziwe. Kila mwanawe aliyeoa alimpa shamba la ekari 160 na dola 2,000.

Lakini David, mmoja wa wanawe, hakupenda ukulima. Alifungua duka. Mwanawe Dwight alizaliwa Texas mwaka 1890. Tarehe 6 Juni 1944 Dwight alikuwa jemadari mkuu wa majeshi yaliyotua Normandy kupigana na Ujerumani, nchi ya asili ya wahenga wake. Na tangu 1953 hadi 1961 alikuwa Rais wa Marekani.

Sisi walimu wa lugha tuna la kuzingatia hapa. Kijerumani cha ukoo huu hakikuhifadhiwa na jina. Kilihifadhiwa na watu waliolima pamoja na kusali pamoja. Lugha isiyo na kazi hubaki jina tu.