Mungu Hakudaiwa Ushahidi, Nabii Alidaiwa

Kewanja, kijiji cha Nyamongo wilayani Tarime, kiko ubavuni mwa Mgodi wa North Mara, si mbali na Mto Mara unaoitenganisha Tarime na wilaya ya Serengeti. Huko neno tupu halipokelewi linapogusa mali au uhai. Mchimbaji mdogo anayedai mwamba wake una dhahabu huupeleka kwenye karasha, unga wake huchenjuliwa kwa zebaki, na kinachobaki ndicho kinachomsemea. Mwaka 2009 wananchi walilalamika kwamba maji ya Mto Tigithe yamechafuliwa na mgodi na kuwadhuru watu na mifugo. Ugomvi ukahamia kwenye ushahidi: nani kachukua sampuli, imepimwa wapi, majibu yanasema nini. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kushindwa kudhibiti maji yenye sumu.

Watu hao hao, Jumamosi kwa Wasabato na Jumapili kwa wengine, huenda kusali, na hakuna anayesimamishwa mlangoni athibitishe kwamba Mungu yupo. Msomi wa mjini anaweza kuona hapo mkanganyiko: wanadai ushahidi wa maji, halafu wanakubali jambo kubwa kuliko yote bila hata karatasi ya maabara. Historia ya Mara na ya Afrika Mashariki yote inaonyesha kwamba hakuna mkanganyiko. Kwa karne nyingi watu wa nchi hizi wamemwamini Mungu bila kumdai hoja, na palepale wamemdai ushahidi kila aliyesimama kusema kwa niaba yake. Tofauti hiyo ni busara kubwa, na kila iliposahauliwa, watu walikufa.

Tuanze na Wakuria wenyewe. Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Mwingereza Malcolm Ruel aliishi miongoni mwao, akaandika juu ya rika zao, watabiri wao na matambiko yao. Alichokikuta kilimfikirisha maisha yake yote. Hapakuwa na orodha ya mafundisho ambayo mtu alipaswa kuyakiri ili ahesabiwe kuwa wa dini. Palikuwa na mambo ya kutenda: kumtahiri kijana kwa wakati wake, kumpitisha mzee katika hatua za ukubwa, kuchinja mnyama ili majani yaliyo tumboni mwake na kipande cha ngozi yake vitumike kuwapa watu uzima. Lengo lilikuwa kuulinda uhai wa mtu, nyumba na ukoo. Mwaka 1982 Ruel alichapisha insha iliyopata umaarufu mkubwa katika taaluma yake, akidai kwamba kuifanya imani ya kukiri kuwa kiini cha kila dini ni tabia ya Kikristo, iliyojengwa hatua kwa hatua tangu mitume hadi mabaraza kama lile la Nikea mwaka 325. Wakuria walikuwa na dini kamili isiyomuuliza mtu kama anasadiki.

Asidhani mtu kwamba hiyo ilikuwa jamii isiyojua kuuliza. Ng'ombe akiibwa, nyayo zilifuatwa, na kijiji zilikoishia kililazimika kujieleza. Mashauri yalipelekwa kwenye ritongo, mkutano wa watu wote, na mtuhumiwa aliweza kulishwa kiapo. Mambo mazito ya ukoo yalichujwa na inchama, baraza la siri la wazee. Mtabiri aliheshimiwa, lakini alitabiri mbele ya watu wenye kumbukumbu: vita aliyoiona usiku ilikuja au haikuja, na jina lake likapanda au kushuka. Ushahidi ulidaiwa pale palipokuwa na mtu anayeweza kudanganya au kujidanganya.

Pwani, swali la nani adaiwe ushahidi liliingia vitabuni mapema. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Wakati yanachongwa, Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1111. Katika simulizi ya maisha yake anaeleza alivyofikia kutilia shaka hata macho yake na akili yake. Kilichomtoa humo, asema, hakikuwa hoja iliyopangwa. Ilikuwa ni nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Ila alipofika kwenye suala la utume, Ghazali alibadili sauti. Anayedai ni mtume achunguzwe: mafundisho yake yajaribiwe maishani, yatendwe, yaonwe yanavyomtengeneza mtu. Fimbo iliyogeuka nyoka peke yake haitoshi, kwa kuwa yaweza kuwa kiinimacho. Biblia nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 18, inaweka kipimo kama kile cha wazee wa Mara: neno la nabii lisipotimia, huyo hakutumwa.

Ulaya ilikwenda mbali zaidi, ikataka Mungu mwenyewe athibitishwe. Anselm wa Canterbury alijaribu katika karne ya 11, Thomas Aquinas akaorodhesha njia tano katika karne ya 13, na mwaka 1781 Immanuel Kant akaonyesha kwamba akili safi haiwezi kuikamilisha kazi hiyo, wala haiwezi kuthibitisha kinyume chake. Kanisa Katoliki halikukubali. Katika Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, lilitangaza kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa akili. Miaka 7 baadaye Mwingereza W. K. Clifford akaandika kwamba kuamini jambo lolote bila ushahidi wa kutosha ni kosa la kimaadili. Mfano wake ulikuwa wa mwenye meli aliyejishawishi kwamba chombo chake kibovu ni kizima, akawapeleka abiria kuzama. Tuutazame vizuri mfano huo. Kosa la mwenye meli liko katika kuzitia roho za watu kwenye neno lake asilolipima. Clifford alitaka kumshtaki kila mwamini. Mfano wake unamshtaki kiongozi.

Mashindano hayo ya Ulaya yalitua Ziwa Viktoria pamoja na wamisionari. Mwaka 1879, katika baraza la Kabaka Mutesa wa Buganda, Mprotestanti Alexander Mackay na Padri Simeon Lourdel wa Wamisionari wa Afrika walibishana hadharani, huku Waislamu waliotangulia wakisikiliza. Mutesa alishangazwa kuona Wazungu hawana dini moja. Hakuna aliyekuwa anabisha kwamba Mungu yupo. Wote walidai kumsemea, na hilo ndilo lililohitaji hukumu.

Kusini mwa Tanganyika hukumu ilikuja kwa risasi. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yenye nguvu za kiroho, akisema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Sababu za kupigana zilikuwa za haki kabisa: kodi, viboko, kazi ya shuruti kwenye mashamba ya pamba. Imani hiyo iliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja. Kinjikitile alinyongwa Agosti 4, 1905. Agosti 30, wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa hadi vita vilipokwisha, wengi wao kwa njaa, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Ujasiri wao ni urithi wetu. Dai la maji, hata hivyo, lilikuwa dai juu ya risasi, na dai la namna hiyo lilipimika kabla ya kuwapeleka watu mbele ya rashasha.

Kaskazini ya Mara, karibu mwaka 1913, dini ya Mumbo ilianzia kwa Waluo na kuenea kwa Wakisii. Ilisema Wazungu wote wataondoka. Septemba 1914 Waingereza waliuhama mji wa Kisii kwa muda baada ya Wajerumani kuvuka mpaka, na waumini wakaona utabiri umetimia. Mji uliporwa, Waingereza wakarudi, adhabu ikafuata. Ushahidi wa siku chache uligeuka kuwa mtego, kwa sababu watu waliharakisha kufunga hesabu.

Katika Mara ya leo, misheni zilifika moja baada ya nyingine: Wakatoliki Nyegina mwaka 1911, Wamenoni Shirati mwaka 1934, Wasabato Majita na Ikizu. Mwaka 1942 Shirati iliguswa na uamsho uliokuwa umeanzia Gahini, Rwanda. Uamsho ule haukuleta hoja za Aquinas. Ulileta watu waliosimama kanisani kutubu, waliorudisha vitu walivyoiba, waliopatana na maadui zao, weupe kwa weusi. Jirani aliyetaka kujua kama mtu kweli ameokoka aliangalia kama deni limelipwa. Wakristo wa Mara walikuwa wamekirudia kipimo cha Ghazali na cha wazee wa Kikuria, pengine bila kujua.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1943, kijana wa Kizanaki kutoka Butiama alibatizwa Nyegina kwa jina la Julius. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa amefariki mwaka 1942. Julius Nyerere alisali hadi kifo chake Oktoba 14, 1999, na aliposhika nchi alisisitiza kwamba serikali haina dini. Imani ya raia haikuwa jambo la kukaguliwa na dola. Kwa viongozi wa dini alikuwa mkali zaidi. Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na umaskini na dhuluma litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma, na litakufa.

Ikaja zamu ya Kanisa kumpima Nyerere. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri. Hapo ndipo utaona busara ninayoisema ikifanya kazi ndani ya taasisi kongwe kabisa. Mwamini akiingia kanisani haulizwi hoja za kuwapo kwa Mungu. Lakini kusema kwamba mtu fulani ni mtakatifu kunadai mashahidi, nyaraka, maandishi yote aliyoyaacha na, mwisho, muujiza uliopita mikononi mwa madaktari. Wafiadini wa Uganda, waliouawa kati ya 1885 na 1887, walitangazwa watakatifu Oktoba 18, 1964, baada ya kuchunguzwa habari za masista wawili waliopona tauni. Hata damu yao haikuliondolea Kanisa wajibu wa kupima.

Wasomi wetu nao waligawanyika. John Mbiti, Mkenya, katika kitabu chake cha 1969, alisema kwamba kwa Waafrika kuwapo kwa Mungu hakuhitaji kufundishwa wala kuthibitishwa. Hata mtoto anamjua. Okot p'Bitek wa Uganda alimjibu vikali, akidai kwamba Mbiti na wenzake wamewavika Waafrika mavazi ya Kigiriki, wakalazimisha majibu kwa maswali ambayo wazee hawakuuliza. Nadhani kila mmoja alishika upande wa kweli. Mbiti aliona kwamba imani haikusubiri hoja. P'Bitek aliona kwamba anayesema kwa niaba ya waamini, awe mmisionari au profesa, naye lazima ahojiwe.

Asiyeamini naye ana nafasi katika hesabu hii. Mwaka 2016 chama cha wasioamini kuwapo kwa Mungu kilisajiliwa Kenya, kikasimamishwa, kisha mahakama ikakirudishia haki yake. Ni sawa. Imani isiyodaiwa ushahidi haina ruhusa ya kumlazimisha mwingine, maana aliyeamini bila kushurutishwa hana sababu ya kumshurutisha mwenzake.

Gharama ya kusahau tofauti hii tumeiona kwa macho yetu. Kanungu, Uganda, Machi 17, 2000, mamia waliteketea katika kanisa la viongozi waliotabiri mwisho wa dunia, na siku waliyoitaja ikapita bila mwisho huo kutokea. Mwaka 2011, Samunge huko Loliondo, mashariki ya Serengeti, maelfu walipanga foleni ya magari kufuata kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyesema ameoteshwa na Mungu. Wapo waliotoka vitanda vya hospitali kwenda huko, na wapo waliokatisha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na viongozi wa kanisa wakafikishwa mahakamani kwa tuhuma za kuwafundisha watu kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Katika matukio yote matatu, madai yaliyowavuta watu yalikuwa madai ya binadamu juu ya tarehe, juu ya ugonjwa, juu ya mwili. Yalipimika yote.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na anayejiita msemaji wa Mungu ana ngozi ndefu ya kuvuta. Kwa hiyo muumini wa Kewanja, wa Kilifi au wa Kanungu asione haya kuuliza. Anayesema ameponya, vipimo vya kabla na vya baada viko wapi? Anayetabiri, tarehe gani, na ile ya mwaka jana iliishaje? Anayekusanya sadaka, hesabu zimesomwa mbele ya nani? Maswali haya hayamgusi Mungu hata kidogo. Yanawalinda watu wake dhidi ya wanaolitumia jina lake, na mhubiri anayeyakataza kwa kisingizio cha imani amekwisha kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.