Mnyaa Hausamehe

Kabla ya kuta za matofali kuenea hapa Kiboriloni, mipaka yetu ilishikwa na mimea. Katika vihamba vya juu, penye mvua na migomba, kazi hiyo hufanywa na masale. Ukiteremka kuelekea tambarare kavu, masale huuachia mnyaa zamu: mti wa vijiti vya kijani, vinene kama penseli, unaohifadhi maji mwilini mwake na kustahimili ukame. Hupandwa kwa kuchomeka tawi tu ardhini, na mbuzi hauli.

Lakini mimea hii miwili haifanani tabia. Mchaga akimkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba radhi. Mnyaa hausamehe. Ukivunja kijiti, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Tone lake likiingia jichoni, laweza kupofusha kwa muda, hata daima.

Mnamo 1753 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliupa mti huu jina la tirucalli, neno la watu wa Malabar nchini India, kwa kuwa habari zake zilimfikia kutoka huko. Kumbe asili yake ni Afrika, nchi zenye ukame. Wamasai walikwisha kuuita emanyara, wakauzungushia maboma yao, na inasemekana ndiko lilikotoka jina la Ziwa Manyara. Mwaka 2002 mkoa mpya uliomegwa kutoka Arusha nao ukaitwa Manyara. Hivyo uzio wa ng'ombe umeandikwa kwenye ramani ya taifa, na wengi walitajao jina hilo hawajui.

Nami nilikuwa miongoni mwa wasiojua. Nilipokuwa mwalimu kijana nililifahamu jina la Kilatini la mnyaa, nikaona yatosha. Siku moja niliwapa wanafunzi mapanga wapunguze uzio wa shule, bila onyo lolote. Kijana mmoja alirukiwa na utomvu machoni, akakaa siku tatu haoni. Nilikwenda kwa baba yake na jani la isale mkononi. Mzee akalipokea, akanyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mwalimu, mbona hukutuuliza sisi tulioupanda?"

Sikuwa na jibu. Macho ya kijana yalipona, ashukuriwe Mungu. Siku hizi nikiona uzio wa mnyaa unang'olewa kupisha ukuta, husimama na kuuliza ulipandwa na nani, na kati ya nani na nani. Mara nyingi yupo bibi au babu anayekumbuka.