Usingizi wa Kununua: Kutoka Berlin hadi Bugene

Kila kizazi cha madaktari kimeahidiwa dawa ya usingizi isiyo na madhara, na kila kizazi kimeyatambua madhara hayo wagonjwa wakiwa wameshazoea kuimeza. Historia hii inamhusu mkazi wa Bugene sawasawa na mkazi wa Berlin.

Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering walitangaza nchini Ujerumani dawa iliyouzwa kwa jina la Veronal. Mwaka 1912 ikafuata fenobabitali. Zilileta usingizi kweli, lakini nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua ilikuwa finyu mno. Hata hivyo, fenobabitali haikutupwa. Kwetu Mahenge, Dkt. Louise Jilek-Aall aliitumia kuwatibu wagonjwa wa kifafa, na hadi leo inawasaidia wengi. Dawa ni ileile. Kinachobadilika ni sababu ya kuitumia.

Kisha kampuni ya Roche ikaleta Librium mwaka 1960 na Valium, yaani diazepamu, mwaka 1963, zote kutokana na kazi ya Leo Sternbach. Zilisifiwa kuwa salama kuliko zilizotangulia, na sifa hiyo haikuwa ya uongo. Kosa lilikuwa kuigeuza sifa kuwa ruhusa. Mapema mwaka 1961 Leo Hollister na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba wagonjwa waliokatishwa ghafla vipimo vikubwa vya Librium waliteseka, na baadhi yao wakapata degedege. Uingereza ilitoa mwongozo rasmi wa kutotumia dawa za jamii hii zaidi ya wiki 2 hadi 4 mwaka 1988. Kati ya ushahidi na mwongozo ilipita miaka 27.

Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, iitwayo GABA. Diazepamu huiongezea nguvu. Ikitumika kwa muda mrefu, ubongo hulegeza breki zake wenyewe. Dawa ikikatishwa, wasiwasi hurudi kwa kishindo. Mtumiaji hudhani ugonjwa umerejea, naye hurudi dukani. Huo ndio mtego.

Watu wa Karagwe na Kyerwa hawajakosa sababu za kukesha. Mkoa wa Kagera ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Na mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa wingi Ngara na Karagwe. Leo mkulima anakeshwa na bei ya kahawa, mtumishi wa umma anakeshwa na mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Kidonge hakilipi deni. Kinaweza kumvusha mtu usiku mmoja mzito, na hiyo ni huduma halali ya tiba. Kikigeuzwa kuwa mazoea ya miezi, mtu hubaki na deni mbili.

Hatari huongezeka kidonge kinapokutana na rubisi au konyagi, kwa kuwa vyote hupunguza kasi ya kupumua. Mzee huanguka na kuvunjika nyonga. Dereva wa bodaboda husinzia kwenye kona za milimani. Ndiyo maana hii ni dawa ya cheti, na tangu mwaka 1984 jamii hii ya dawa imo katika udhibiti wa kimataifa.

Sheria iliyoandikwa Dodoma hupimwa kwenye kaunta ya duka la dawa. Mkaguzi ahakikishe cheti kinadaiwa. Mganga aandike siku ya kuanza na siku ya kumaliza, kisha atenge dakika za kumsikiliza mgonjwa, maana Mirembe iko mbali na wengi hawatafika huko. Naye aliyekwisha kutumia kwa miezi asiache ghafla. Amwone mganga ampunguzie kidogo kidogo. Ushahidi ulichelewa miaka 27 kuwa mwongozo. Hakuna sababu uchelewe tena kati ya London na Bugene.