Dawa nne za Ebola katika Beni na Butembo

Mwaka wa 1976, Ebola ilipotokea mara ya kwanza katika inchi yetu, ilikuta misioni ya Yambuku na hospitali ya masista. Masista walikufa pamoja na wagonjwa wao, maana dawa haikuwako. Munganga Muyembe, aliyefika kule siku zile, alikuwa tena mumoja wa wakubwa wa kazi tunayotaka kusimulia hapa, miaka zaidi ya 40 kisha.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina. Ikafika Beni, kisha Katwa na Butembo. Tarehe 20 Novemba waganga wakaanza katika Beni kupima dawa nne. Tatu zilikuwa za namna ya askari wanaolinda mwili. Moja kati yao, mAb114, ilitoka katika damu ya mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Ya nne, remdesivir, ni dawa ya kemia. Virusi, ili kuzaa, inapaswa kunakili maandiko yake yanayoitwa ARN, kama vile wamonaki wa zamani walivyonakili vitabu herufi kwa herufi. Remdesivir inajifanya kuwa herufi moja. Virusi ikiipokea, kazi yake inakatika mbele ya kufika mwisho.

Mugonjwa hakuchagua dawa, wala munganga hakuchagua: ilikuwa kwa kura. Jambo hilo lilitusumbua, hatufichi. Nani anapenda mama yake apigiwe kura? Lakini hakuna aliyejua dawa gani inashinda, na kila mugonjwa alipata moja kati ya zile nne. Hakuna aliyepewa maji matupu.

Tena watu walikuwa na hasira. Desemba 2018 Beni na Butembo hazikuchagua Rais pamoja na inchi nzima, kwa sababu ya Ebola na ya vita, ilisemwa. Basi wengi wakaona ugonjwa huu ni siasa tu. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili munganga Richard Mouzoko, Mukameruni, akauawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben.

Tarehe 9 Agosti 2019, kisha kupokea wagonjwa 681, kura ikasimamishwa. Katika waliopewa remdesivir walikufa 53 kwa mia, ZMapp, 50, mAb114, 35, REGN-EB3, 34. Na waliofika na virusi kidogo bado, wakapewa moja ya hizi mbili za mwisho, alikufa karibu mumoja kati ya kumi. Kila siku ya kukawia nyumbani ilizidisha hatari. Uvumi nao uliua.

Remdesivir, iliyoshindwa kwetu, ilipewa wagonjwa wa korona mwaka wa 2020. Ebola yetu ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni ya mwaka ule, na watu 2.287 walikuwa wamekufa. Kati ya waliopona, wengine walirudi vituoni kulea watoto wa wagonjwa, kwa maana wao hawakuogopa tena kuwabeba.